Usubi wa Mito Yetu: Kwa Nini Tujue Kila Mto Una Inzi Gani



Katika vijiji vya Mbinga na vya mwambao wa Ziwa Nyasa, ukiuliza nani anamjua usubi, mikono mingi itanyooshwa. Ni yule inzi mdogo mweusi mwenye mgongo uliobinuka, anayeuma miguuni wakati akina mama wanafua mtoni na wakati wakulima wanapalilia bondeni. Lakini ukiuliza swali la pili, "Je, ni usubi wa aina gani?", watu watacheka. Watasema usubi ni usubi.

Katika somo la mwezi huu tunataka kuonyesha kwamba swali hilo la pili si la kuchekesha. Jibu lake ndilo linaloamua kama ugonjwa wa usubi utakwisha kabisa katika bonde fulani, au utarudi baada ya watu kudhani kwamba umekwisha. Kwa hiyo kazi ya wataalamu ya kuorodhesha aina za usubi mto kwa mto ni sehemu ya tiba, ingawa wagonjwa hawaioni.

TUELEWANE KWANZA JUU YA JINA

Neno usubi kwa Kiswahili lina maana mbili. Ni jina la inzi, na pia ni jina la ugonjwa anaoueneza. Tena wako watu wanaoita usubi kila mdudu mdogo arukaye. Hapo ndipo tunapopotea, kwa hiyo tutenganishe.

Wako wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi mweusi, wakati mwingine wakaingia machoni na puani mwa wavuvi. Hao huzaliwa ndani ya maji ya ziwa lenyewe. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Ng'ambo, upande wa Malawi, watu huwakusanya na kuwakanda kuwa mikate ya kuliwa. Hao sio usubi tunaousema.

Mbu naye tunamjua. Anapenda maji yaliyotuama, na mbu wa malaria huuma usiku.

Inzi wa usubi ni tofauti na hao wote. Ana urefu wa milimita 2 hadi 4 hivi, ni mnene kuliko mbu, na mabawa yake ni mapana. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni jua linapopungua ukali. Anapouma hachomi kama sindano, bali anachana ngozi na kulamba damu inayotoka. Ndiyo maana huacha tone dogo la damu, na baadaye mahali pale huwasha na kuvimba. Anayeuma ni jike tu, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae.

MAISHA YAKE NI KATIKA MAJI YAENDAYO KASI

Usubi hauzaliani kisimani, dimbwini wala katika maji ya ziwa. Jike hutaga mayai mamia kwa mara moja, juu ya mawe na majani yaliyoloweshwa na maji ya mto. Kiluwiluwi anapotoka hufuma utando mdogo juu ya jiwe au jani, akajishikiza hapo kwa vijindoana vya mkiani. Kichwani ana vifagio viwili, na kwa hivyo huchuja chakula kinachopita na maji. Maji yakisimama, hewa hupungua na chakula hakimfikii, naye hufa. Kwa hiyo makao yake ni kwenye maporomoko, kwenye miamba, kwenye vivuko vyenye mawe, na hata kwenye mabwawa madogo pale maji yanapomwagikia.

Baadaye kiluwiluwi hujifungia ndani ya kifuko kidogo chenye umbo la kandambili, akawa pupa. Nyuzi nyembamba za kupumulia hutokeza nje ya kifuko. Siku chache baadaye inzi mzima hupanda juu ya maji akiwa ndani ya kiputo cha hewa na kuruka. Tangu yai hadi inzi ni kama wiki mbili au zaidi kidogo, kulingana na joto la maji.

Sasa tazama nchi yetu ya Umatengo ilivyo. Vijito vinashuka kila upande wa milima. Baadhi vinaelekea magharibi na kuanguka ziwani baada ya mwendo mfupi wenye mawe mengi. Vingine vinaelekea mashariki kuingia mto Ruvuma, ambao chanzo chake kiko katika milima hii hii. Kaskazini upo mto Ruhuhu, unaoingia ziwani kati ya Manda na Lituhi. Nchi yenye miteremko namna hii ina makao mengi ya usubi. Na kwa kweli Ruvuma imo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa ugonjwa wa usubi, pamoja na Mahenge, Kilosa, Tukuyu, milima ya Morogoro, milima ya Usambara, na Tunduru.

UGONJWA WENYEWE KWA UFUPI

Inzi anapomwuma mgonjwa hunywa pamoja na damu minyoo michanga isiyoonekana kwa macho. Minyoo hiyo hukua ndani ya inzi kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi. Inzi huyo akimwuma mtu mwingine humwachia minyoo, nayo hukomaa chini ya ngozi na kukaa ndani ya vinundu, hasa nyongani, mbavuni na magotini. Mnyoo jike aliyekomaa huweza kuishi miaka 10 hadi 15, akizaa maelfu ya minyoo michanga inayotembea katika ngozi na machoni.

Kwa hiyo wanakuja kwetu watu wenye mwasho usioisha usiku wala mchana. Wengi wametibiwa upele mara nyingi bila nafuu. Wengine ngozi ya miguu imekuwa na mabaka meupe kama ya chui. Wengine ngozi imezeeka na kulegea kabla ya wakati. Minyoo ikifika machoni, macho huwasha na kutoa machozi, halafu kuona kunafifia, na mwisho ni upofu usioweza kurudishwa. Aibu nayo ni mzigo. Kijana mwenye ngozi ya namna hiyo hutengwa, na wapo wanaosema amerogwa.

Liko jambo jingine. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa katika miaka ya 1960, akaona ni wengi kupita kiasi. Aliandika pia juu ya watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kifafa ni kingi zaidi katika vijiji vyenye usubi mwingi. Namna minyoo inavyohusika na kifafa bado inachunguzwa, lakini uhusiano wenyewe umeonekana katika nchi kadhaa za Afrika. Basi mtoto mwenye kifafa asifichwe ndani. Aletwe hospitalini, maana dawa zipo.

JE, USUBI NI MMOJA AU NI WENGI?

Duniani zimekwisha orodheshwa aina zaidi ya 2,000 za inzi wa jamii hii. Nyingi hazina haja na mtu. Wako wanaonyonya damu ya ndege, wako wanaopenda ng'ombe, na wako wasiouma kabisa. Katika Afrika, wanaoeneza ugonjwa kwa binadamu wamo hasa katika makundi mawili: kundi la Simulium damnosum na kundi la Simulium neavei. Majina hayo ni ya Kilatini, nasi tutayaita kwa kifupi kundi la damnosum na kundi la neavei.

Inzi wa damnosum alipewa jina na mtaalamu Mwingereza Theobald mwaka 1903, kutokana na inzi waliotoka Uganda. Mwaka 1926 daktari Blacklock, akifanya kazi Sierra Leone, alithibitisha kwamba inzi huyo ndiye anayebeba minyoo ya ugonjwa huu. Kwa miaka mingi watu walidhani damnosum ni aina moja tu, kuanzia Senegal hadi kwetu. Lakini liliwasumbua jambo moja. Mahali pengine inzi huyu aliwauma watu kwa ukali. Mahali pengine, akiwa na sura ile ile, alipita karibu na watu bila kuwagusa.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1966. Mtaalamu aitwaye Dunbar alichukua viluwiluwi kutoka mito ya Uganda na kutazama tezi zao za mate kwa darubini kali. Ndani ya chembe za tezi hizo zimo nyuzi ziitwazo kromosomu, zenye mistari myeusi na myeupe. Mpangilio wa mistari hiyo haukuwa sawa. Katika kile kilichoitwa aina moja, Dunbar aliona aina nne. Ni kama ndugu wanaofanana kwa sura hata jirani akawachanganya, lakini kila mmoja ana nyumba yake na tabia zake.

Tangu hapo orodha imeendelea kukua, na leo kundi la damnosum limegawanywa katika aina na namna zaidi ya 50. Nchi yetu imechangia majina. Wako waitwao Turiani, Sanje na Ketaketa, kwa kufuata mahali palipochunguzwa katika Mkoa wa Morogoro. Mwingine anaitwa thyolense, kwa kufuata Thyolo, kusini mwa Malawi. Huyu wa Thyolo anaeneza ugonjwa huko Malawi, na ndiye pia mwenezi mkuu huko Tukuyu, kaskazini mwa ziwa letu. Mipaka ya nchi tuliichora sisi watu, na inzi haijui.

INZI ALIYEFICHWA NA KAA

Kundi la pili, la neavei, lina habari ya ajabu inayofundisha.

Magharibi mwa Kenya, katika Nyanza, watu walipofuka kwa usubi. Inzi wazima walikamatwa wakiuma, lakini viluwiluwi wao hawakuonekana. Watafiti waligeuza mawe, wakachunguza majani na mizizi, wasiwaone. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walipata jibu. Viluwiluwi walikuwa wamejishikiza juu ya magamba ya kaa wa mtoni. Kaa alipotembea chini ya jiwe aliwabeba. Aliyetafuta kwenye mawe peke yake asingewaona hata kwa miaka mia.

Hapa kwetu Tanzania jambo hilo lilichunguzwa sana katika milima ya Usambara. Katika miaka ya 1960, mtafiti Raybould, akiwa kituo cha Amani, alichunguza kaa wa vijito vya msituni na viluwiluwi wanaobebwa nao. Ilionekana kwamba huko mwenezi mkubwa ni Simulium woodi, wa kundi la neavei. Inzi huyu anapenda kivuli cha msitu na haendi mbali nacho. Msitu ukifyekwa na kijito kikaachwa juani, kaa hupungua, na inzi hupungua pamoja naye. Hatusemi hayo ili mtu achukue panga akafyeke vyanzo vya maji. Ukikosa maji utakuwa umejipatia ugonjwa mwingine. Tunasema ili uone kwamba tabia ya inzi inafuata aina yake.

Wakati huo huo, huko Mahenge, mtafiti Häusermann kutoka Uswisi alichunguza inzi wa kundi la damnosum na kuandika habari zake mwaka 1969. Kwa hiyo nchi ile ile moja, katika miaka ile ile, milima miwili ilionekana kuwa na wenezi wawili tofauti. Mmoja hukaa juu ya kaa katika kivuli. Mwingine hujishikiza kwenye mawe na majani ya mito mikubwa zaidi. Dawa ya kuwaua viluwiluwi wa mmoja, mahali pa kuitia na muda wa kuitia, haviwezi kuwa sawa kwa mwingine.

ORODHA HII INAMSAIDIAJE MGONJWA?

Msomaji atauliza, "Mimi nawashwa, nanyi mnanihesabia inzi?" Ni swali la haki. Tutajibu kwa mambo manne.

1. Inaonyesha mahali dawa inapotakiwa. Dawa ya Mectizan, yaani ivamektini, hutolewa bure tangu mwaka 1987, kampuni ya Merck ilipoahidi kuitoa kwa ugonjwa huu. Waliogundua asili yake, Campbell na Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa hii haipelekwi kila kijiji. Inapelekwa palipojulikana kuwa na ugonjwa. Bonde ambalo halijachunguzwa inzi wake wala watu wake huweza kusahauliwa, na watu wake wakaendelea kujikuna huku kijiji cha pili kinatibiwa.

2. Inaonyesha wakati wa kuacha dawa. Mectizan huua minyoo michanga, lakini haiui minyoo mikubwa iliyo ndani ya vinundu. Ndiyo maana inamezwa kila mwaka kwa miaka mingi, mpaka minyoo mikubwa ife kwa uzee. Kabla ya kuacha, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 linataka ushahidi. Damu ya watoto wa chini ya miaka 10 ipimwe. Inzi nao wakamatwe wasiopungua 6,000 katika eneo, vichwa vyao vipimwe, na wenye minyoo iliyo tayari kuambukiza wawe chini ya 1 katika kila 2,000.

Fikiri sasa. Kama inzi hao 6,000 ni wa aina inayopenda ng'ombe au ndege, kipimo kitatoka safi hata kama yule anayeuma watu amejaa minyoo. Tutashangilia na kuacha dawa, na baada ya miaka michache mwasho utaanza upya kwa watoto wetu. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini inzi hakuwa mwenyewe.

3. Inaonyesha kama ugonjwa unaweza kuingia tena kutoka nje. Katika Afrika Magharibi, mpango mkubwa ulianza mwaka 1974 wa kunyunyizia mito dawa kwa ndege na helikopta. Mito iliyokwisha kusafishwa ilishangaza kwa kupata usubi tena. Ilionekana kwamba baadhi ya aina za damnosum huchukuliwa na upepo wa mvua kutoka mamia ya kilomita. Ikabidi eneo la kazi liongezwe. Huko Tukuyu nako, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mito ilitiwa dawa ya kuua viluwiluwi kwa msaada wa mpango wa Afrika wa kupambana na usubi. Swali likawa lile lile: wakifa hawa, wengine watatoka wapi? Ndiyo maana watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao wa Ulaya walilinganisha kromosomu za viluwiluwi wa Tukuyu na wa maeneo mengine, na kuchapisha kazi hiyo mwaka 2011. Inzi hana pasi ya kusafiria, lakini kromosomu zake zinatuambia ukoo wake.

4. Inaonyesha kijito cha kushughulikia. Katika msitu wa Itwara, magharibi mwa Uganda, inzi wa kundi la neavei aliondolewa kabisa kwa kutia dawa katika vijito, pamoja na watu kumeza Mectizan. Iliwezekana kwa sababu wataalamu walikuwa wakikamata kaa na kuwatazama mmoja mmoja, wakajua kijito kipi kina viluwiluwi na kipi hakina.

Kwamba mwisho wa usubi unawezekana si ndoto. Colombia ilithibitishwa kuwa imeumaliza mwaka 2013, Ecuador 2014, Mexico 2015, na Guatemala 2016. Januari 2025 Niger ilithibitishwa, nayo ni nchi ya kwanza ya Afrika.

KAZI HII INAFANYWAJE?

Huenda siku moja utawaona watu mtoni kijijini kwako, ukadhani wanatafuta dhahabu. Ni vema ujue wanachofanya.

Kwanza, wako wanaotafuta viluwiluwi na pupa. Hugeuza mawe, huinua majani na matawi yaliyozama, na hutega kaa kwa vikapu. Walichopata hukitia katika chupa yenye kemikali ya kuhifadhia, wakaandika jina la mto, mahali, tarehe na kimo kutoka usawa wa bahari. Chupa isiyo na maandishi haina maana, hata kama ina inzi wa ajabu. Pupa hutambuliwa kwa hesabu na matawi ya nyuzi zake za kupumulia. Viluwiluwi hutambuliwa kwa kromosomu, kama tulivyoeleza.

Pili, wako wanaokamata inzi wazima. Kwa desturi ya tangu zamani, mtu hukaa karibu na mto miguu ikiwa wazi, na kila inzi anayetua humfunika kwa kichupa kabla hajauma. Wawili hupokezana kila saa, toka saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ni kazi ya uvumilivu, na wanaoifanya wanapaswa kueleweshwa, kukubali kwa hiari yao, na kupewa Mectizan. Siku hizi iko pia mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi kilichopakwa gundi. Mtego huo ulibuniwa Mexico, na inzi huvutwa kwa hewa inayofanana na pumzi ya mtu na kwa harufu ya nguo iliyovaliwa bila kufuliwa.

Mwenyeji wa kijiji ana sehemu yake kubwa hapa. Mtaalamu kutoka mjini hajui kijito kinachokauka mwezi wa Septemba na kile kisichokauka. Hajui shamba ambalo watu wanalikimbia jioni kwa sababu ya kuumwa. Hajui kama kuna kaa kwenye kijito cha nyuma ya shule. Wewe unajua. Basi ukiulizwa, sema ukweli bila kuongeza. Na ukiona mto wenu umerukwa, mwambie mtendaji wa kijiji au mganga wa zahanati yenu.

TUFANYE NINI, NA TUSIFANYE NINI?

Tufanye haya:

– Pale ambapo Mectizan bado inagawiwa, tuimeze kila mara inapoletwa, hata kama hatuwashwi. Mtu asiyewashwa anaweza kuwa na minyoo, na inzi anamwuma yeye kama anavyomwuma mgonjwa.

– Tukubali kupimwa urefu kwa fimbo, maana vidonge hutolewa kwa kimo. Wasiopewa ni watoto wa chini ya miaka 5 au wenye kimo chini ya sentimita 90, wajawazito, mama anayenyonyesha mtoto wa wiki ya kwanza, na mgonjwa mahututi. Wanawake hawa wameze baadaye, wasisahauliwe.

– Baada ya kumeza, mtu huweza kuwashwa zaidi, kuvimba kidogo au kupata homa kwa siku mbili au tatu. Mara nyingi ni dalili kwamba minyoo inakufa. Ikizidi, aje zahanati. Asiwatangazie wengine kwamba dawa ni sumu.

– Tuvae nguo ndefu tunapofanya kazi mtoni asubuhi na jioni. Kufua au kuoga kufanyike saa za katikati ya mchana ikiwezekana.

– Mwenye vinundu, mwasho wa muda mrefu, au macho yanayofifia, aje mapema. Tukimwona mapema tunaweza kuyaokoa macho.

Tusifanye haya:

– Tusimwage dawa ya kahawa wala dawa nyingine ya wadudu mtoni kwa nia ya kuua usubi. Kazi ya kutia dawa mitoni ina vipimo vyake na wataalamu wake. Mkulima akimwaga chupa yake, atawaua samaki na kaa, na walio chini ya mto watakunywa sumu. Usubi wenyewe utarudi kutoka kijito cha jirani.

– Tusifyeke kingo za mito kwa kisingizio cha usubi.

– Tusiwafukuze watafiti wala kuwaficha watoto wanaotakiwa kupimwa damu. Tuwaulize maswali, watuonyeshe vibali vyao, watueleze, kisha tuwasaidie.

– Tusimtenge mwenye ngozi ya chui. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja, wala kulala chumba kimoja. Pasipo inzi haupiti kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

NENO LA MWISHO

Sisi wauguzi tumezoea kuhesabu vidonge na vitanda. Inzi wanahesabiwa na wengine, mbali na wodi zetu, wakiwa wamelowa magoti na chupa mkononi. Lakini kipofu ambaye hatampokea muuguzi wa kesho ataokolewa na kazi hizo mbili kwa pamoja: dawa iliyomezwa na watu wote, na mto uliojulikana inzi wake. Kazi moja ikifanyika na nyingine ikaachwa, tutakuwa tumefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Taja mito na vijito vyote vinavyopita katika kijiji chetu. Ni ipi yenye maji ya kasi na mawe? Ni ipi yenye kaa?

2. Watu wanaumwa na usubi mahali gani zaidi, saa ngapi, na miezi gani?

3. Eleza tofauti kati ya usubi, mbu, na wadudu wanaopanda ziwani kama moshi.

4. Kwa nini Mectizan inamezwa miaka mingi, wakati dawa nyingine za minyoo humezwa mara moja tu?

5. Je, wako kati yetu watu wanaofichwa kwa sababu ya ngozi, macho au kifafa? Nani atakwenda kuwatembelea na kuwaleta hospitalini, na lini?